UFA HAUNGOJI HOTUBA



Wakubwa hupenda mkasi na utepe. Siku ya kufungua kiwanja cha ndege hapana asiyekuja. Siku ya kukitunza hapana ajaye. Juu ya tabia hiyo sisi leo twasema wazi.

Kiwanja cha Songwe kilifunguliwa Disemba 2012, na njia yake ya kurukia ndege ina urefu wa zaidi ya mita 3,300. Mkoa wa Songwe ulipomegwa mwaka 2016, kiwanja kilibaki Mbeya. Lakini mfanyabiashara wa Tunduma, mpakani na Zambia, hukitegemea hicho hicho, na miongoni mwa wafanyabiashara wa huko wamo ndugu zetu wa visiwani.

Wapo watakaouliza: "Lami ya Bara yatuhusu nini?" Jawabu ni kuwa Katiba ya 1977 imeyatia mambo ya usafiri wa anga katika orodha ya Muungano. Basi mwenye kushirikishwa jina ana haki ya kuuliza hesabu.

Na hesabu yenyewe ni hii. Jua huikausha lami ikawa ngumu. Nyanda zile mchana ni joto na usiku baridi. Lami hutanuka na kunywea mpaka ikapasuka. Mvua za Novemba hata Aprili huingia ufani na kuilainisha ardhi iliyo chini, kisha gurudumu la ndege hupita juu na njia ikabonyea. Kokoto ikibanduka, injini yaweza kuivuta. Hapo khasara si ya shilingi tu, ni khatari ya roho za watu.

Dawa yake hapana asiyeijua katika mafundi. Udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka kabla ya lami. Maungio ya lami yabanwe sawasawa, kwani ufa hupenda kuanzia hapo. Mitaro izibuliwe kabla ya mvua. Njia ikaguliwe kila siku, na ufa mwembamba usafishwe, ukauke, uzibwe kwa lami ya moto. Wala asije mtu akamwaga lami mpya juu ya nyufa zisizotibiwa: ufa wa chini hupanda juu, na fedha zikawa zimetupwa.

Kazi hizi hazina utepe wa kukatwa, ndiyo maana hazina wa kuzigombania.

Sisi twadai mambo matatu. Fungu la matunzo la viwanja vyote, vya Bara na vya Visiwani, liwekwe mbali na lisiguswe kwa sherehe. Daftari la nyufa, lilipoonekana na lilipozibwa kila moja, lifunguliwe mbele ya Wabunge. Na mkandarasi asimaliziwe malipo yake mpaka kazi yake ionje mvua na jua.

Mwenye duka asiyeziba tundu la panya leo, kesho hununua gunia jipya. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huo, wananchi, hujengwa kwa kodi yetu.