Paka anatapika, tuangalie salopeti

Wandugu, paka wa kwetu alikuwa anatapika mara tatu kwa juma. Majirani: «Ni manyoya tu.» Kweli, paka akijilamba anameza manyoya, donge moja mara moja moja si ugonjwa, umuchanue na borosi. Lakini akitapika kila mara, akikataa chakula, umupeleke kwa munganga wa nyama.

Mimi nikaona jambo lingine: alizoea kulala juu ya salopeti yangu ya kazi, na vumbi yake ya kobalti. Anajilamba, anameza. Na watoto wanaomubeba? Na bibi yangu anayefua ile salopeti katika beseni ya nyumba? Kompanyi itupe mahali pa kuoga na kufulia kulekule mugodini.