Mbao 100 za Kurudi Nyumbani: Nani Anapandisha Bei?

Goma, Kivu ya Kaskazini. Kila mkubwa anayeshika kipaza sauti mbele ya wakimbizi wa ndani ana neno lile lile: rudini kwenu. Hakuna anayesema nyumba watakayoingia itajengwa na nani, wala kwa mbao za bei gani.

Februari 2025, siku chache baada ya M23 kuingia Goma, watu wa kambi za Bulengo, Lushagala na zingine kandokando ya mji waliambiwa waondoke. Kambi zilizokuwa na mamia ya maelfu ya watu zikabaki mawe matupu ya volkeno. Wengi walikunja shitingi, wakafunga miti ya vibanda kwa kamba, wakatembea kuelekea Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Huko wengi walikuta mabati yamebebwa, milango imeng'olewa, kuta zimekuwa kuni za mtu mwingine.

Wakubwa wanasema: nyumba ya mbao ni rahisi, watu wa Kivu wamezoea kujenga. Kujenga wamezoea kweli. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipofunika katikati ya mji wa Goma, wengi walijenga mbao juu ya mawe yale yale. Ilipoteremka tena tarehe 22 Mei 2021 na kuchoma nyumba za Buhene, watu walianza tena na mbao. Lakini kuzoea si kupewa bure. Hesabu ifanywe hapa, kila msikilizaji aifuate kwa vidole.

Chukulia nyumba ndogo kabisa ya familia moja: mita 4 kwa mita 6, kuta za mita 2 na nusu kwenda juu. Kuuzunguka mstari wote ni mita 20, kwa hiyo kuta zina mita za mraba 50. Ubao wa mita 4 wenye upana wa sentimita 20 hauzibi hata mita moja ya mraba. Kuta peke yake zinameza mbao 63. Sakafu ya mbao, iliyoinuliwa juu ya mawe ili maji yapite chini, inameza 30. Jumla 93. Zikihesabiwa zile zinazopasuka na zile zinazopandana, fundi atasema 100, na hajadanganya. Nguzo, shevroni za paa, mabati, misumari na bawaba bado havijaguswa.

Sasa ubao huo ufuatwe kutoka shambani. Mwenye mikaratusi anauza mti. Wapasuaji wanaupasua. Hawa wanalipwa mara moja, kule kule kilimani, na jasho lao linaonekana. Baadaye mbao zinapanda gari, na hapo ndipo balaa inaanzia. Bariyeri ya kwanza wanaita pesa ya barabara. Ya pili wanaita pesa ya usalama. Ya tatu haina hata jina, ni kijana, kamba na bunduki. Kila upande wenye silaha una kamba yake, na hakuna upande unaoweza kumnyooshea mwingine kidole. Mwenye mti analipwa mara moja, mwenye kamba analipwa kila gari linapopita.

Mwenye gari halipi hasara hiyo. Mwenye depo mjini halipi. Msukuma chukudu anayezishusha hadi mtaani hailipi pia. Wote wanaiongeza juu ya bei na kuisukuma mbele, mpaka inamfikia mtu asiye na wa kumsukumia: yule mama aliyerudi na shitingi kichwani.

Chukulia bariyeri moja inaongeza faranga 500 tu kwa kila ubao. Inaonekana ni kitu kidogo, bei ya mandazi machache. Kwa mbao 100 ni faranga 50,000. Bariyeri zikiwa nne, ni 200,000. Pesa hiyo haikununua hata msumari mmoja. Na mama huyo ataitoa wapi, wakati ametoka kambini bila kazi na bila mavuno? Hata ndugu yake wa Goma aliyekuwa na akiba benki alikuta milango imefungwa tangu mji ulipoanguka Januari 2025.

Pesa zikipungua, familia haikati paa, kwa sababu mvua haingoji. Haikati kuta, kwa sababu ya usiku na wezi. Inakata sakafu. Ndiyo maana mtu anaweza kupita mbele ya nyumba mpya, akaona bati linang'aa, akasema hawa wamesharudi. Ndani watoto wanalala juu ya udongo wenye maji, katika baridi ya milima ya Masisi, na kikohozi hakitoki. Mashirika ya msaada nayo yana sehemu katika kosa hili. Yanagawa shitingi, yanahesabu paa, yanaandika ripoti. Mbao 30 za chini hazihesabiwi na mtu.

Wako wanaojibu kwamba bila bariyeri barabara haitatengenezwa. Wamuulize dereva yeyote wa Fuso aliyekwama kwenye matope. Wengine wanasema mbao nyingi zitamaliza msitu wa Virunga. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini mikaratusi ya ujenzi inapandwa na wakulima wenyewe katika mashamba yao. Bei ikiwa juu kupita kiasi, ndipo mtu asiye na kitu anapochukua panga na kuingia ndani ya hifadhi.

Yanayotakiwa hayahitaji mkutano wa Doha wala wa Washington. Mbao, mabati na misumari ya anayejenga upya vipite bila kulipa kitu, kwa barua ya mkubwa wa kijiji, na barua hiyo isiuzwe. Mashirika yahesabu sakafu pamoja na paa. Familia nazo, badala ya kila mmoja kununua mbao tano tano depo, zifanye likelemba, zikodi gari moja, zinunue shambani kwa pamoja.

Hayo yakikataliwa, basi raia wajue ukweli ulivyo. Mtu anayewaambia warudi nyumbani huku akila pesa juu ya kila ubao hawataki nyumbani. Anawataka barabarani, mahali ambapo wanaleta faida. Anayesema "rudini kwenu" kwa moyo safi aanze kwa kuondoa kamba yake.