Stara Si ya Wanawake Pekee
Ndugu Waislamu, twawausia dada zetu hijabu kila Ijumaa, ilhali wanaume wazima wapita mitaani kwa bukta zinazoacha mapaja wazi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Imamu Bukhari alieleza kuwa hadithi ya Anas kuhusu paja ina isnadi yenye nguvu zaidi, lakini ya Jarhad, inayoamuru kulifunika, ina tahadhari zaidi. Basi kaptula ipitayo magoti, isiyobana, haina ubaya. Na kijana aliyekutwa na adhana uwanjani akaja na bukta, tusimfukuze mlangoni. Tumpe kikoi, aingie safuni. Akiondoka kwa aibu, huenda asirudi. Wabillahi tawfiq.