Kompyuta imeganda, arobaini kesho!

Mwenzenu wiki iliyopita nusura niumbuke. Jirani yetu, mama mtu mzima, aliniletea picha pekee ya marehemu mumewe, imechanika usoni. Arobaini ilikuwa kesho yake.

Nikaiskani, nikaanza kuziba mpasuko. Kufika kwenye jicho, programu ikaganda! Nikazima, nikawasha, ikaganda tena. Kazi ya masaa mawili ikayeyuka. Nikaanza kusingizia virusi.

Kumbe mchawi mimi mwenyewe. Programu za picha, Photoshop ikiwamo, RAM ikijaa huazima nafasi kwenye diski. Yangu nilishaijaza muvi mpaka pomoni, sasa iazime wapi? Nikahamishia muvi kwenye diski ya nje, nikafuta vya kwenye pipa la taka, nikafunga programu nyingine zote. Mambo yakawa shwari.

Jamani, sevuni kazi kila hatua, na diski muiachie nafasi ya kupumua. Mama aliipokea ile picha, akaikumbatia, hakusema neno. Nami sikudai hata senti tano.

Tukutane wiki ijayo!