Hofu haingojwi iishe

Hapa Uvira ukisema usiku hulali na moyo unapiga mbio, jirani atakuambia: toa mawazo, jikaze. Mchungaji atasema hofu ni pepo, ingia chumba cha maombi ufunge. Muuza dawa atakupa kidonge cha usingizi. Wote watatu wana imani moja: kwanza hofu itoke, ndipo uishi. Imani hiyo ni ya uongo, na inatuumiza.

Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kuacha maelfu bila makazi. Mchukue mama mmoja aliyeponea hapo. Mvua ikianza, kifua kinabana. Siku moja anaghairi kuvuka daraja kwenda kuchukua ndagala Kalundu, na papo hapo anapata nafuu. Mtego uko kwenye nafuu hiyo: mwili umejifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Baadaye anaacha soko, halafu ibada. Hofu iko palepale. Kilichopungua ni mtaji wake, na marafiki.

Tena hofu yetu haikuzushwa. Ziwa Tanganyika linapanda, bunduki zinalia. Kumwambia mtu wa hapa asiogope ni kumtaka awe mpumbavu.

Tiba ya kukubali, aliyoiasisi Mmarekani Steven Hayes na wenzake, haikuamuru uitoe hofu. Unaitambua: tumbo limekaza, wazo la maji limekuja. Unaiacha ikae, unavuta pumzi, unakanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili, kisha unakwenda kwenye lile unalolithamini, nayo hofu ikifuata.

“Wakongo tumekubali mangapi tayari?” Swali halali. Lakini kinachokubaliwa hapa ni moyo unaodunda, si mwenye bunduki wala uzembe wa wakubwa. Anayengoja kwanza asitetemeke hatafika kwa meya kudai chochote.

Na tiba hii si anasa ya Wazungu. Shirika la Afya Duniani liliitumia kutunga mpango wa Self-Help Plus, ukajaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, kwa utafiti wa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Waliopangiwa mafunzo walikaa vikao vitano vya saa mbili, makundi ya watu 20 hadi 30, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa. Matokeo yalitoka 2020: miezi mitatu baadaye, dhiki yao ya moyo ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao wasiopangiwa. Nafuu ya kiasi, si muujiza. Sisi miujiza tumeahidiwa ya kutosha.

Tunalia kwamba hatuna wanasaikolojia. Aliyezidiwa apelekwe SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya Bukavu, njia ikiruhusu. Lakini walioongoza vikao vya Rhino hawakuwa wataalamu. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa kwa muda mfupi. Reko wetu, wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba kipindupindu kikizuka, wanaiweza kazi hiyo. Hata wachungaji wanaiweza, wakiacha kumfukuza pepo asiyekuwepo.