Kabla ya kukopa tena, keti kwanza na mwenzako

Leo Mama Kanisa anaadhimisha Dominika ya 23 ya Mwaka C. Katika Injili (Lk 14:25-33) Yesu anaueleza umati unaomfuata gharama ya kuwa mwanafunzi wake. Anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuchimba msingi, mtu huyo anaketi na kupiga hesabu aone kama fedha aliyo nayo itamaliza kazi. Asipofanya hivyo ataishia kwenye msingi, na wapita njia watamcheka.

Tumezoea kuhubiri mfano huu kwa mambo ya roho, na ni sawa, kwa sababu Yesu anazungumzia ufuasi. Lakini leo naomba tukae kidogo kwenye kitendo chenyewe alichokichagua: kuketi na kuhesabu. Bwana wetu alikulia katika nyumba ya fundi, na hakuona aibu kufundisha habari za mbinguni kwa mfano wa bajeti.

Kwetu Songea huu ndio wakati wa kuketi. Mahindi yametoka shambani. Mengine yako ghalani, mengine yamekwisha pimwa kwenye vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Fedha imeingia nyumbani, na pamoja nayo zimeingia kadi za harusi, kipaimara na komunyo ya kwanza. Halafu itakuja Januari na sare za shule, madaftari na mbolea ya kukuzia. Ikifika Februari, ghala likianza kuonyesha sakafu, watu wanaanza kubisha hodi ofisini kwa padre.

Mwaka jana, katika juma moja la Kwaresima, nilipokea wageni wawili kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alikuwa mama anayeuza dagaa na mchele sokoni. Alileta nia ya Misa, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Padre, uniombee, nina jambo zito. Ila mume wangu asijue." Miezi sita kabla ya hapo alikuwa amekopa 300,000 za kausha damu ili kumtibu mama yake mzazi. Riba ilikuwa 90,000 kila mwezi. Alikuwa amelipa riba miezi yote sita, jumla 540,000, na zile 300,000 zilikuwa bado zinadaiwa zote.

Siku tatu baadaye akaja mume wake, mtumishi wa umma. Naye hakutaka mke wake ajue. Kadi yake ya benki na namba yake ya siri vilikuwa mikononi mwa mkopeshaji, ambaye kila mwisho wa mwezi alikwenda mwenyewe kutoa mshahara, akachukua chake na kumpa mwenye mshahara kilichobaki.

Haikuwa kitubio, lakini nililoambiwa kwa siri lilibaki siri. Nilimwuliza kila mmoja swali lile lile: "Nyumbani nani anajua?" Kila mmoja alijibu: "Hakuna." Nikamwomba kila mmoja azungumze na mwenzake kabla ya Jumapili ya Matawi. Wenyewe wameniruhusu kusimulia haya bila kuwataja majina, wakitumaini yatasaidia nyumba nyingine.

Mama alitangulia kusema. Baba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha naye akaeleza ya kwake. Usiku ule haukuwa wa amani. Lakini baada ya siku chache walikuja ofisini pamoja, wakiwa na daftari la mtoto wao. Ndani yake waliandika kila wanachodaiwa. Kausha damu 300,000. Mkopeshaji mwenye kadi 900,000. Mikopo ya kwenye simu 140,000. Duka la mtaani 85,000. Rafiki wa baba 150,000. Muuza mbolea na mbegu 210,000. Mstari wa saba ulisema: "Kanisa, ahadi ya ujenzi, 200,000." Jumla, 1,985,000.

Kwenye mstari ule wa saba nilisita. Niliikumbuka siku yenyewe. Nilisimama mbele na karatasi ya ahadi, nikasoma jina lao, waamini wakapiga makofi na kina mama wakapiga vigelegele. Miezi michache baadaye nilisimama tena pale pale kusoma majina ya wasiomaliza ahadi. Yule baba aliniambia kwa upole kwamba zile 150,000 za rafiki yake alizikopa ili alipe sehemu ya kwanza ya ahadi, jina la familia lisisomwe tena mbele ya watu.

Nilichukua kalamu nikate mstari ule. Akanizuia. "Padre, usiufute. Usogeze tu chini."

Tangu siku hiyo sijasoma tena orodha ya wanaodaiwa ahadi kanisani. Naandika haya hadharani kwa sababu nilikosa hadharani. Tunapohubiri dhidi ya kausha damu, sisi viongozi wa Kanisa tujiulize ni watu wangapi wamekwenda huko kwa kuogopa midomo yetu. Tujiulize pia kuhusu sherehe zetu. Mtoto anayepokea komunyo ya kwanza anamhitaji Kristo, moyo safi na nguo nadhifu. Turubai, muziki na keki ni mambo tuliyoyaongeza sisi.

Maandiko Matakatifu yanayo familia inayofanana na hii. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mjane mmoja anamlilia nabii Elisha. Mume wake amekufa akiacha deni, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mjane anasema wazi kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu. Basi tusimhukumu kila mwenye deni kuwa ni mvivu au mlevi. Deni huingia pia katika nyumba inayosali, na mara nyingi huingia kwa mlango wa ugonjwa, msiba au ada.

Elisha hamwambii mama yule aende akalale. Anamwuliza ana nini nyumbani. Anacho kichupa cha mafuta tu. Anaagizwa aazime vyombo vitupu kwa majirani, ajifungie ndani pamoja na wanawe, na wamimine. Mafuta yanajaza vyombo vyote. Lakini hata baada ya muujiza, nabii anampa mpangilio: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Siku hizi wapo wanaoahidiwa upako wa kufuta madeni, wakarudi nyumbani kukopa nauli ya kwenda kwenye mkesha mwingine. Muujiza wa Elisha uliishia kwenye hesabu, na watoto walikuwepo ndani wakishuhudia.

Familia yangu ile nayo ilianza na kilichokuwepo. Waliuza nguruwe wawili, wakaongeza akiba ya mama katika VICOBA, wakailipa kausha damu kwa mkupuo kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiwala zaidi. Zile 90,000 za kila mwezi zikahamia kwa mkopeshaji mwenye kadi, hadi kadi ikarudi mfukoni mwa mwenyewe. Walifuta programu za mikopo kwenye simu zao. Baba alikwenda kwa rafiki yake na kwa mwenye duka, akawaeleza ukweli na kuomba muda. Wote wawili walimpa.

Kila mshahara ulipotoka waliketi mezani, binti yao mkubwa akiandika. Waliandika kila kitu: unga, sabuni, nauli, sadaka, bia ya baba, vitenge vya mama. Mwezi wa kwanza waligundua kwamba vocha na bando vilikula fedha kuliko mboga. Hakuna aliyemgombeza mwenzake, maana daftari lilikuwa limekwisha sema.

Mavuno yalipoingia walipata magunia 18. Manane waliyatenga ya chakula na kukubaliana kwamba hayaguswi. Kumi waliyauza kwa awamu mbili, wakamlipa muuza mbolea, na hapo hapo wakanunua mbolea ya msimu uliofuata. Mkulima asiye na akiba Februari huuza mahindi yakiwa bado mabichi shambani kwa bei ya kutupa. Wenye kahawa kule Mbinga wanaijua adha hiyo kwa jina la magoma, na wenye korosho wanaiita kangomba. Mavuno ya namna hiyo yanakuwa ya mtu mwingine kabla hayajakomaa.

Desemba ulitokea msiba katika ukoo. Walitoa mchango mdogo, lakini walikaa msibani siku tatu, mama akipika na baba akichota maji. Kuna waliosema. Januari baba aliteleza, akakopa 100,000 kwenye simu. Jioni ile ile alimwambia mke wake. Mama aliponieleza jambo hilo nilimshukuru Mungu, kwa sababu niliona ugonjwa wenyewe umepona, ingawa deni lilikuwa halijaisha. Ugonjwa ulikuwa kufichana.

Julai mwaka huu, baada ya miezi 16, baba alikuja na bahasha. Ulikuwa mstari wa saba. Niliipokea kwa mikono miwili na sikuweza kusema mengi.

Sasa nina neno kwa wanaokopesha, maana wengine wenu tunasali pamoja. Kukopesha si dhambi; anayemkopesha jirani kwa haki anamsaidia. Lakini kipo kipimo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu mwaka 2018, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi za mikopo za daraja la pili, yaani zile zisizopokea amana. Kwa mkopo wa 300,000 hiyo ni 10,500. Yule mama alikuwa akitozwa 90,000. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Kwa hiyo mkopaji aulize leseni, asome mkataba, na asimwachie mtu namba yake ya siri.

Torati inakwenda mbali zaidi. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ndilo linaloilisha nyumba. Anayemnyang'anya fundi cherehani yake, au mama ntilie sufuria zake, amechukua jiwe la kusagia. Anaweza kuwa na karatasi iliyosainiwa, lakini akumbuke kwamba Mungu naye anasoma mikataba.

Na sisi wengine? Somo la pili la leo linatoka katika Waraka kwa Filemoni, nalo linaishia aya ya 17. Ukienda nyumbani soma aya mbili zinazofuata. Paulo, akiwa kifungoni, anamwambia Filemoni kwamba kama Onesimo anadaiwa chochote, deni hilo liandikwe kwake, naye anaahidi kwa mkono wake mwenyewe kulilipa. Huyo ni mdhamini wa kweli. Kanisa lina historia ya namna hiyo. Mwaka 1462 huko Perugia, Italia, Wafransisko walianzisha mfuko wa kuwakopesha maskini ili kuwaokoa na riba kubwa. VICOBA vyetu navyo vina mizizi Niger, ambako mwaka 1991 wanawake wa vijijini walianza kuweka akiba pamoja na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe. Jumuiya Ndogo Ndogo inayokutana kila juma, ambayo watu wake wanajuana kwa nyumba na kwa majina, inashindwaje kuwa na mfuko mdogo wa dharura kwa ajili ya ugonjwa?

Mwaka 2025 ulikuwa wa Jubilei. Alipoutangaza, Hayati Papa Fransisko aliyaomba mataifa tajiri yasamehe madeni ya nchi maskini, na sisi tulifurahi. Lakini Jubilei ya kitabu cha Walawi, sura ya 25, ilianzia kwa jirani na shamba lake. Kama kuna mtu anayekudai usingizi kwa sababu unamdai elfu ishirini tangu mwaka juzi, pengine Jubilei yako iko hapo.

Mpendwa, leo jioni baada ya chakula zima runinga, chukua daftari, mwite mwenzako. Kama unaishi peke yako, mwite ndugu au rafiki unayemwamini. Salini Baba Yetu, kisha andikeni kila deni, hata lile la kuonea aibu, na hata kama ni la padre. Msikope kitu chochote kabla ya kumaliza kuandika. Usiku huo unaweza kuwa mgumu, lakini kesho yake mtaamka wawili mkilijua deni moja, na hapo kazi ya kulilipa itakuwa imeanza.



Mwandishi ni padre wa Jimbo Kuu la Songea.