Sauti za Pembe Nne, na Amana ya Sauti za Wazee Wetu

Sifa zote njema ni za Allah (SW), aliyetujaalia masikio, macho na nyoyo ili tupate kushukuru. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, katika nchi za Ulaya na Marekani santuri zimerudi kupendwa. Vijana waliozaliwa katika zama za simu wanazinunua, wanazisafisha na kuzipanga rafuni kama vitabu. Miongoni mwa wapenzi hao limo kundi dogo lenye bidii kuliko wote: wakusanyaji wa santuri za sauti nne za bendi za roki za miaka ya 1970. Kundi hilo ndilo tulilokusudia kulizungumza wiki hii. Hatukusudii kuutangaza muziki wao. Hukumu ya muziki wanazuoni wameieleza kwa kirefu, na mwenye kuitaka na awaendee. Tulichokitafuta kwao ni funzo la namna ya kuitunza sauti, kwani hekima huchukuliwa popote inapookotwa.

Santuri za sauti nne

Santuri za mwanzo zilibeba sauti ya njia moja. Hata ungeweka spika kumi chumbani, zote zingesema jambo lile lile. Mwaka 1958 zikaanza kuuzwa madukani santuri za stirio, zenye njia mbili, ya kulia na ya kushoto. Mchirizi wa santuri ni mmoja na sindano ni moja, lakini mchirizi huo una kuta mbili, na kila ukuta umebeba njia yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 makampuni ya Marekani, Japani na Uingereza yakataka kuvuka hapo. Yakatoa santuri zilizoitwa za kwadrafoniki, yaani za njia nne. Msikilizaji aliweka spika mbili mbele yake na mbili nyuma yake, kila moja katika pembe yake ya chumba, naye akakaa katikati. Gitaa likisikika mbele kushoto, waimbaji waliweza kulijibu kutoka nyuma kulia.

Bendi ya Pink Floyd ya Uingereza ilikuwa imekwisha kulijaribu jambo hilo mbele ya watu mwezi Mei 1967, katika ukumbi wa Queen Elizabeth Hall mjini London, kwa mtambo ulioizungusha sauti ukumbini. Albamu yao ya mwaka 1973, The Dark Side of the Moon, ilitolewa pia katika santuri ya njia nne, na fundi wa sauti Alan Parsons ndiye aliyezichanganya upya sauti zake kwa ajili hiyo. Abraxas ya Santana na Tubular Bells ya Mike Oldfield nazo zilipata santuri za namna hiyo.

Ufundi mzuri, nyumba iliyogawanyika

Pamoja na uzuri wake, ufundi huu haukuufikia mwisho wa miaka ya 1970 ukiwa hai sokoni. Gharama ilikuwa kubwa, kwani mnunuzi alihitaji spika nne na vyombo vya ziada. Lakini sababu nyingine ilikuwa mgawanyiko. Kampuni ya Columbia ilikuja na mfumo wake ulioitwa SQ. Sansui ya Japani ikaja na wake, QS. JVC, nayo ya Japani, ikatoa wa tatu, CD-4, na RCA ya Marekani ikaufuata. Mifumo hii haikuelewana. Aliyenunua chombo cha kuifasiri santuri ya mfumo mmoja hakuzipata barabara sauti nne za mfumo mwingine. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi hapa walikuwa wanunuzi, ambao wengi wao walibaki na stirio zao.

Katika mfumo wa CD-4 lipo jambo ambalo tunawaomba wasomaji walitie akilini. Sikio la mwanadamu husikia mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde. Mafundi wa JVC waliificha juu ya kiwango hicho ishara ya mitetemo 30,000 kwa sekunde, na ndani ya ishara hiyo wakaweka habari za kuzitenganisha sauti za mbele na za nyuma. Ili kuisoma ilihitajika sindano ya umbo maalumu, iliyopewa jina la Shibata, mhandisi aliyeibuni. Aliyeipiga santuri hiyo kwa sindano ya kawaida aliusikia muziki kama kawaida, asione upungufu wowote. Kumbe kila alipoipiga, sindano yake ilikuwa ikiikwangua ile ishara isiyosikika. Siku alipopata chombo kinachofaa, alikuta santuri ingali inaimba, lakini sauti za pembe nne haziwezi tena kutenganishwa.

Naam, hasara kubwa ya amana ni ile inayotokea huku mwenye amana akidhani kuwa amana ingali salama.

Bidii yao

Leo, baada ya miaka hamsini, wakusanyaji hao wanatafuta vyombo vilivyokwisha kuachwa kutengenezwa, wanabadilisha vipuri vilivyochoka na kuzihamishia sauti zile katika kompyuta kabla mitambo haijafa. Wanaziosha santuri na kuzisimamisha wima ili zisipinde. Wanapima masafa baina ya kiti na kila spika. Kisha hukaa kimya kwa muda wote wa upande mmoja wa santuri, dakika ishirini au zaidi, bila ya mazungumzo.

Bidii yote hiyo ni kwa ajili ya burudani. Je, sisi tulioachiwa sauti zenye thamani kuliko hizo, bidii yetu iko wapi?

Umma uliolelewa kwa kusikia

Dini yetu ilipokewa kwa masikio kabla ya kuandikwa kwa kalamu. Jibril (AS) alimsomea Mtume (SAW), naye akawasomea masahaba. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (SAW) alimtaka Abdullah bin Mas'ud (RA) amsomee Qur'ani, ilhali imeteremshwa kwake yeye, kwa kuwa alipenda kuisikia kutoka kwa mwingine. Mpaka leo mwanafunzi wa tajwidi hatosheki na kitabu. Hukaa mbele ya mwalimu, akausikia mdomo wake.

Kilipoingia chombo cha kunasa sauti, wapo waliokitumia kwa faida. Sheikh Muhammad Rif'at wa Misri, ambaye kisomo chake ndicho kilichoifungua redio ya Misri mwaka 1934, alifariki dunia mwaka 1950. Sehemu kubwa ya yale tunayoyasikia leo kutoka kwake yameokolewa na wapenzi wa kisomo chake waliokuwa wakimrekodi majumbani mwao kutoka redioni, mashuhuri miongoni mwao akiwa Zakariya Pasha Mahran. Lau si watu binafsi waliojitolea kwa mali na wakati wao, sauti ile ingepotea.

Mwaka 1959 Labib as-Said, naye wa Misri, alipendekeza Qur'ani yote irekodiwe kwa kisomo sahihi, kama ilivyokwisha kukusanywa kwa maandishi. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary alisoma, wanazuoni wakasikiliza na kusahihisha, na mwaka 1961 msahafu mzima wa sauti, kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, ukatoka katika santuri. Santuri hizo hizo ambazo wengine walizijaza ngoma na magitaa, wao walizijaza maneno ya Mola wao.

Yaliyomo kabatini

Sasa tutazame nyumbani. Katika familia zetu nyingi imo boksi ya kaseti chini ya kitanda au juu ya kabati. Ndani yake mna darsa za Ramadhani za babu, hotuba ya ndoa ya shangazi, maulidi ya mtaani, kisomo cha ami aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Mzee anapofariki, mirathi hugawanywa kwa uangalifu: nyumba, shamba, fedha, hata viti. Boksi ile haina mrithi. Hupelekwa stoo, joto na unyevu vikaila, na siku ya kuhama ikatupwa pamoja na takataka.

Wajukuu hawana kosa. Hawana redio ya kaseti, na juu ya kaseti hapana jina. Lakini wapo mashekhe wetu waliofundisha miaka arubaini bila ya kuandika kitabu hata kimoja. Elimu yao yote imo katika vifua vya wanafunzi, ambao nao wanaondoka, na katika kanda hizo. Ikipotea kanda, huenda limepotea jibu ambalo mtaa mzima ulilitegemea. Na kama ile santuri ya CD-4, tunaendelea kudhani kuwa tunayo.

La kufanya

Kwanza, zikusanyeni kanda na santuri zote za ukoo, mziandikie majina. Mkalisheni bibi au mjomba aliye hai, asikilize na kutaja: huyu ni fulani, hapa ni msikiti fulani, ilikuwa mwaka fulani. Kazi hii haingoji, kwani anayezijua sauti hizo naye ana ajali yake.

Pili, msiipige kaseti yenye ukungu wala iliyokwama. Ukungu huchafua chombo na kuhamia kwenye kanda nyingine, na utepe uliokwama hukatika. Mpelekeeni fundi. Ile iliyo safi izungusheni kwanza taratibu kwa kalamu, ili utepe ukae sawa.

Tatu, zihamisheni katika kompyuta. Waya mmoja kutoka tundu la spika za masikioni la redio ya kaseti hadi tundu la kuingizia sauti la kompyuta unatosha, pamoja na programu ya kurekodi. Wekeni nakala kamili isiyobanwa, na nyingine ndogo kwa ajili ya kusikiliza. Hifadhini mahali pasipopungua patatu, na katika nyumba zaidi ya moja. Kuirusha katika kundi la simu hakutoshi kuwa hifadhi.

Nne, msizitupe kanda asili baada ya kunakili. Ziwekeni wima, pakavu, mbali na jua na sumaku.

Tano, warekodini wazee walio hai, kwa idhini yao. Katika msikiti wetu kamati imeanza kuorodhesha kanda za darsa zilizomo ofisini, na tunazinasihi kamati nyingine zifanye hivyo pamoja na vijana wao. Kijana anayependa vyombo vya sauti, badala ya kukemewa tu, apewe kazi hii.

Adabu na mipaka

Tunakumbusha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mazungumzo ya baraza ni amana. Katika kanda za ukoo huenda ikawamo nasaha ya siri baina ya mume na mke, au suluhu ya ugomvi uliokwisha. Isikilizwe na watu wazima wachache kabla ya kusambazwa, na la aibu lisitiriwe. Marehemu hawezi kutoa idhini, basi warithi wake washauriane kwa niaba yake.

La pili ni israfu. Mapenzi ya kukusanya, hata ya kitu cha halali, yana mlango wa kupita kiasi. Baba anayenunua spika ya nne ilhali ada ya mtoto haijalipwa amekosea hesabu, awe anasikiliza roki au anasikiliza kisomo. Nafaka ya mke na watoto ni wajibu, na mkusanyo ni hiari.

Kisha tukumbuke kusikiliza kwenyewe. Allah (SW) ametuamrisha katika Suratul A'raf, aya ya 204, tuisikilize Qur'ani inaposomwa na tunyamaze. Wapo wanaonyamaza dakika ishirini kwa ajili ya gitaa, nasi tunaifungua Qur'ani redioni huku tukibishana bei ya samaki. Familia na itenge japo robo saa baada ya Maghribi, simu ziwekwe kando, kisomo kisikilizwe. Siku nyingine isikilizwe darsa ya babu, ili watoto wamjue aliyewatangulia kwa sauti yake, na wamuombee dua.

Tunamuomba Allah (SW) awarehemu wazee wetu waliotufundisha, azijaalie sauti zao kuwa sadaka yenye kuendelea, na atujaalie sisi kuwa wenye kusikiliza na kufuata lililo bora. Amin.

Wabillahi tawfiq.